Kabla ya Kupeleka Gunia: Mwongozo wa Kuanzisha Huduma ya Diakonia Usharikani, Nyanda za Juu Kusini

Krismasi ya kwanza tulipogawa msaada usharikani kwetu, nje kidogo ya Mafinga, tulijiona tumefanya jambo kubwa. Tuliwapanga bibi 22 mbele ya kanisa, kila mmoja akapewa debe la mahindi, mche wa sabuni na pakiti ya chumvi. Kijana mmoja wa kwaya akapiga picha. Tukaimba, tukaenda kula pilau.

Februari nilipita kwa mmoja wao nikalikuta debe lile kwenye kona ya jiko, limeliwa na dumuzi hadi limebaki vumbi. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali, miguu yake haikumfikisha, na hela ya kusagia hakuwa nayo. Bibi mwingine alikuwa ameacha kuja ibadani. Picha ilizunguka kwenye simu za watu, wajukuu zake wakataniwa shuleni kuwa ni wa kuombewa mahindi. Hakutulaumu. Alisema tu, "Wanangu, mngekuja nyumbani."

Mwongozo huu nauandika kwa usharika, parokia, mtaa au jumuiya inayotaka kuanza. Waluteri tunaiita diakonia, Wakatoliki wana Karitasi, wengine wanasema huduma ya jamii. Kazi ni ileile, na makosa nimeona yanafanana.

Ijue kwanza nchi unayoihudumia

Huku kwetu mahindi yapo. Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa ndiko malori yanakopakia chakula cha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa Iringa takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, na Njombe nusu yao, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Upande wa VVU, utafiti wa 2022 na 2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa ikafuata kwa 11.1, Mbeya 9.6.

Ukizisoma namba hizo pamoja utaona kwa nini gunia la mahindi mara nyingi linakosea mlango. Wapo bibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki. Wapo mabinti waliopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, mmoja wao akarudi na mtoto asiye na baba. Wapo akina mama wanaoshinda shambani au kwenye mashamba ya chai kuanzia alfajiri, mtoto akiachwa na dada yake wa miaka 7 na sufuria ya uji mweupe. Wengi wao ugali wanaupata. Wamepungukiwa maharage, kuni, mtu wa kuwasindikiza hospitali, mtu wa kuziba bati.

Tafuta watu saba

Matendo ya Mitume sura ya 6 ni kikao cha diakonia kabisa. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakaanza, mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba. Angalia majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani, yaani ya upande ule uliokuwa unalalamika. Waliosahauliwa ndio waliokabidhiwa mgawo.

Kwa hiyo usiijaze kamati wazee wa kanisa wenye viti vya mbele. Mtafute mjane aliyelea watoto peke yake. Mtafute muuguzi mstaafu, kama yupo. Kijana wa bodaboda ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu ndiye anayejua nyumba zote na ndiye utakayempigia saa nane usiku. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU na asiyeona haya kusema hivyo ni hazina. Ongeza mmoja anayejua hesabu. Mchungaji au paroko awe mlezi. Asishike fedha, kwa faida yake mwenyewe.

Zaidi ya saba, vikao vinageuka hotuba.

Tembea mwezi mzima kabla hujatoa kitu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kwa kuwa kutembelea nyumba hakupigwi picha nzuri. Mimi ningeuweka mwezi mzima, na kwa mwezi huo ningekataza mtu yeyote kubeba mfuko.

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Mweleze mnachofanya ili asisikie mitaani kwamba kanisa linaandikisha watu. Muulize anaowajua. Kisha muulize mhudumu wa afya wa jamii na mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu anamjua mtoto anayesinzia saa nne asubuhi kwa sababu hakula. Majina yatakayotajwa na watu watatu tofauti, anzeni nayo.

Nendeni wawili wawili, mwanamke na mwanaume, na mwanaume asiende peke yake kwa mjane au kwa mtoto. Msimu wa kulima asubuhi hamtamkuta mtu, nendeni saa kumi alasiri. Kwa wazee, mmoja wenu ajue lugha ya nyumbani. Ukiingia na "Kamwene" kwa Mbena au Mhehe mwenye miaka 80, kigoda kinatolewa haraka, na mambo ambayo Kiswahili kingeyaficha yanasemwa.

Usiulize "Bibi, una shida gani?" Jibu unalijua: "Hatujambo wajukuu, Mungu anasaidia." Uliza mambo yaliyotokea. Jana jioni mlipika nini? Kuni anaokota nani, na wapi? Mvua ya juzi ilivuja upande gani? Mara ya mwisho kwenda zahanati ulisindikizwa na nani? Ukiumwa usiku, unamwita nani? Swali hilo la mwisho, akikaa kimya, mmeshapata kaya ya kwanza ya kuandika.

Macho nayo yafanye kazi, kwa adabu. Jiko lina majivu ya leo au ya juzi? Wanalala wangapi kwenye godoro moja? Kadi ya kliniki ya mtoto ipo, na imejazwa lini mara ya mwisho? Kukiwa na baridi, je, wanalala na jiko la mkaa ndani? Hili lisemwe hapohapo bila kuzunguka: jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Kila Juni na Julai hatari hii inarudi. Usimpelekee mtu mkaa bila kumwambia.

Andikeni mkishatoka, msiandike mbele yake kama karani wa sensa. Daftari moja linatosha: jina, walioko nyumbani na umri wao, mlichokiona, mlichoombwa, tarehe. Hali ya afya ya mtu isiandikwe kwa jina la ugonjwa. Sisi tunaandika "anahitaji usafiri wa kliniki kila mwezi", na aliye kwenye kamati anaelewa. Daftari likae kwa mtu mmoja, kabatini, na funguo.

Chagueni kaya chache, mkae nazo

Mkimaliza mtakuwa na majina 40 na uwezo wa kuhudumia 8. Chukueni 8. Najua inauma. Ukigawa kidogo kwa 40, kila mmoja atapata kilo mbili za unga na siku nne za furaha.

Vigezo viandikwe kabla majina hayajajadiliwa, la sivyo kila mzee atamtetea shangazi yake. Kwetu ni hivi: kaya isiyo na mtu mzima mwenye nguvu ya kulima, mtoto chini ya miaka 2 anayekua vibaya, mgonjwa asiye na wa kumsindikiza, mtoto anayelea wenzake. Dhehebu halimo. Mwislamu jirani, mtu wa mila, aliyehama kanisa letu kwa hasira akaenda kwa mitume na manabii, wote ni majirani. Mlevi je? Kaya ya mlevi ina watoto, na watoto hawanywi ulanzi. Mpelekeeni chakula anayepika, kiwe unga uliokwisha kusagwa, kwa kiasi cha wiki. Gunia zima likiingia nyumba hiyo litatoka usiku.

Kila mlango na msaada wake

Yakobo aliwakejeli wanaosema "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" halafu hawatoi kitu. Huku kwetu moto umetajwa mahali pake. Mzigo wa kuni wa kila wiki, uliobebwa na vijana wa kipaimara, una thamani kwa bibi wa Makete au Mufindi kuliko kanga mpya.

Kazi za mikono zifuate majira. Paa na choo vishughulikiwe Oktoba kabla mvua hazijaanza. Kulima na kupanda ni Novemba na Desemba: vijana 20 wanamaliza shamba la bibi asubuhi moja, na hilo linamlisha mwaka mzima bila kumwomba mtu. Angalieni kama amesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku. Wazee wengi hawana simu, na usajili ukipita wanabaki kununua kwa bei ya dukani au kupanda bila mbolea, na mahindi ya huku bila mbolea mnayajua. Mmoja wa kamati amsindikize kwa mtendaji na afisa kilimo.

Mablanketi nunueni Februari, kwenye mitumba, wakati hakuna anayefikiria baridi. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwezi Juni kila muuzaji anajua mnachotafuta.

Kwa watoto wa shule, ada ya shule za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vinabaki. Nendeni dukani na mtoto ajaribu kiatu mwenyewe.

Mahindi: kununua, kutunza, kutoa

Kwa kaya zinazohitaji chakula, hesabu ni nyepesi. Bibi na wajukuu wawili hutumia kama kilo moja ya unga wa dona kwa siku. Miezi ya njaa ni Januari hadi Aprili, yaani siku 120, kwa hiyo wekeni kilo 120 kwa kaya kama hiyo, na maharage kilo 20 hivi. Kaya 8 za namna hiyo ni magunia kama 10 ya kilo 100 na magunia mawili pungufu ya maharage. Sasa mna lengo linaloweza kusimamiwa, kuliko tangazo la "leteni chochote Mungu alichokugusa".

Kusanyeni wakati wa mavuno, Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Sadaka ya mazao huwa tunaipiga mnada nje ya kanisa, ndizi, kuku, mahindi, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa jumla. Ombeni baraza la usharika lihamishie sehemu ya mahindi na maharage moja kwa moja kwenye ghala la diakonia bila kupigwa mnada. Kwetu ilichukua vikao vitatu. Tulishinda baada ya mama mmoja kuuliza kwa nini tunauza maharage Julai halafu tunanunua yaleyale Februari kwa bei ya juu.

Mkinunua, pimeni kwa mizani. Ni kweli lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inamnufaisha mnunuzi. Ila mkulima unayempunja Julai huenda ndiye utakayempelekea unga Februari.

Mahindi yasiyokauka vizuri yanaota ukungu wenye sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kupika. Kama hamna kipimo, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi robo yake na chumvi kavu vijiko vitatu, tikiseni kwa dakika kadhaa, acheni itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisheni mahindi juani. Yakiwa makavu, yawekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani. Fungeni kila nailoni peke yake, kazeni. Dumuzi, yule tunayemwita skania, anakosa hewa anakufa, na hamhitaji kupuliza dawa. Msifungue kila wiki kuchungulia. Na panya asifike, akitoboa mfuko kazi yote imekwisha.

Kwa wasioweza kufika mashineni, kubalianeni na mwenye mashine asage mara mbili kwa mwezi, mlipe ninyi, bodaboda ya kamati ipeleke unga. Hicho ndicho tulichokosa Krismasi ile.

Mtoto chini ya miaka miwili

Kudumaa kunaanza tumboni na kunajengeka kabla mtoto hajatimiza miaka 2. Baada ya hapo kurekebisha ni kugumu. Mkiwa na nguvu ya jambo moja tu, iwekeni hapa.

Tatizo nililoliona nyumba kwa nyumba ni uji mwepesi wa mahindi matupu, mara mbili kwa siku, wakati mayai yanauzwa gengeni na maparachichi yanangoja lori. Hakuna haja ya unga wa kununua. Kuanzia miezi 6, pamoja na kunyonya, uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, uongezwe karanga zilizosagwa au maziwa, parachichi lipondwe kwenye kibakuli, yai lisiende sokoni, dagaa wasagwe, maharage yapondwe. Karanga zisagwe peke yake na kuongezwa wakati wa kupika. Zikisagwa pamoja na mahindi unga unachacha haraka. Karanga zenye ukungu zitupwe, msione huruma.

Fanyeni jiko la pamoja mara moja kwa mwezi baada ya ibada ya akina mama, kwa vyakula vilivyoko kijijini tu, mkimwalika muuguzi wa zahanati au afisa lishe wa wilaya. Akina baba waitwe pia. Ndio wanaoamua kuku auzwe.

Hata hivyo somo halitoshi kama mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni. Kwa kaya mbili tulizonazo, msaada mkubwa umekuwa bibi mmoja wa jumuiya anayekaa na watoto mchana wakati wa kupalilia. Analipwa kilo kadhaa za maharage kwa mwezi, naye alikuwa kwenye orodha yetu ya wahitaji.

Fedha

Mfuko wa diakonia uwe peke yake, wenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila fedha inapotoka. Michango ya simu iingie kwenye namba ya usharika, isiingie kwenye simu ya mtu. Kila manunuzi na risiti. Sokoni kusiko na risiti, muuzaji asaini kwenye daftari. Kila baada ya miezi mitatu yasomwe ibadani yaliyoingia, yaliyotoka na kilichobaki, bila kutaja jina la aliyepokea. Wachangiaji wa Dar es Salaam waliotoka kijijini kwenu watauliza picha. Watumieni picha ya ghala.

Kupeleka

Pelekeni nyumbani, jioni, kwa mikono ya walewale wawili wanaotembelea kaya hiyo kila mara. Kaeni dakika ishirini. Msaada ukitupwa mlangoni mnajua unavyoonekana.

Picha hapana. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, mtoto anayelishwa hapaswi kubeba bango.

Sala, ulizeni kwanza: "Bibi, tunaweza kuomba pamoja?" Akikataa, haondolewi kwenye orodha. Na mtu yeyote wa kamati atakayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa, atolewe siku hiyohiyo. Dawa za VVU zinatolewa bila malipo, zikiachwa virusi vinarudi na usugu unaweza kufuata. Ombeni, kisha mpigieni bodaboda ampeleke kliniki.

Yaliyozidi uwezo wenu

Orodhesheni simu na majina ya ofisi kwenye jalada la daftari: mtendaji, afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii wa kata, dawati la jinsia na watoto polisi. Kaya maskini sana ambayo haimo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ulizeni utaratibu wa kuingizwa. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu. Mara nyingi kinachokosekana ni barua ya mtendaji na mtu wa kwenda nayo dirishani. Makanisa yana hospitali huku, Ilembula, Ikonda, Bulongwa, Tosamaganga, Igogwe, Isoko. Iliyo karibu nanyi, zungumzeni na ofisi yake ya ustawi mapema, msisubiri mgonjwa amefika getini.

Mtoto akipigwa, akibakwa au akiozeshwa, jambo hilo haliketiwi na wazee. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, familia mbili zikapatana kwa ng'ombe, mtoto akarudi nyumba ileile. Sitakaa tena. Namba 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na polisi wapo.

Kufunga ukurasa wa kaya

Kila miezi sita pitieni orodha. Kaya ikisimama, mwana amerudi, shamba limezaa, mwambieni mwenyewe kwa heshima na mapema, miezi miwili kabla, kisha endeleeni kumtembelea bila mzigo. Wengine wanageuka wasaidizi wazuri.

Wanaotembelea nao wapewe mapumziko. Tulimpoteza dada mmoja mchapakazi kwa sababu tulimpa kaya tano, tatu zenye wagonjwa mahututi, na hakuna aliyemuuliza analalaje.

Bibi akifa, kanisa litazika, hilo tunalijua vizuri na jeneza halikosekani. Watoto alioacha ndio wanaogawanywa kimya kimya baada ya matanga: mmoja kwa mjomba Makambako, mwingine kwa mama mdogo Mbalizi, wa kike kwenda "kusaidia kazi" kwa mtu asiyejulikana. Jina la kaya hiyo lisikatwe daftarini. Kabla ndugu hawajatawanyika, wawili wenu wakae nao, waandike kila mtoto anakwenda wapi, kwa nani, simu gani, shule gani, mkimshirikisha afisa ustawi wa jamii. Baada ya mwezi mmoja mtu apande basi akawaone.